Yule Mwenye Ng'ombe Mweupe

Oloipiri,
3 Agosti 2024

Mdogo wangu Sairowua,

Nakusalimu kutoka huku ambako upepo unatulisha vumbi asubuhi na jioni. Mimi mzima, mtoto mzima na ameota jino, mama mzima isipokuwa magoti yake. Wewe je, Karatu wanakulisha? Yale maumivu ya tumbo yamekwisha, au ilikuwa hofu tu kama kawaida yako?

Usinipigie simu. Imeanguka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, na nilipoitoa ilikuwa imeshakunywa kuliko ng'ombe wenyewe. Barua hii anakuletea Shaabani, yule mfanyabiashara wa Karatu anayekuja mnadani kwetu na gari lake. Majibu mpe yeye.

Nina shida ya Kiingereza. Unajua bado ninajitolea kufundisha darasa la saba. Mwalimu mkuu amesema afisa elimu atakuja kukaa nyuma ya darasa langu, na somo nililopangiwa ni virai vihusishi: jinsi maneno kama "in the house" au "with a stick" yanavyofafanua mara nomino, mara kitenzi. Kitabu kina ukurasa mmoja tu kuhusu jambo hilo, na mifano yake ni ya treni na theluji. Wewe ulikuwa unayapenda mambo haya mpaka tukakucheka. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye haraka.

Kaka Koinet anajiandaa kuhama na ng'ombe. Majani hapa yamekwisha kabisa, kwa hiyo anawapeleka Nainokanoka, kwenye ronjo ya mjomba Lomayani, kambi yake ya malisho ya kiangazi, wakae huko mpaka mvua. Mama anasema ni mbali na kuna baridi. Koinet anasema mama huwa anayasema hayo hata mtu akienda dukani.

Dada yako,
Namelok


Karatu,
11 Agosti 2024

Dada Namelok,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka vitunguu vya Shaabani. Nimefurahi kusikia habari ya jino, na magoti ya mama yapewe pole. Mimi ni mzima. Tumbo kweli lilikuwa hofu. Bwana Hilary, mkuu wetu hapa kwenye ofisi ya watalii, ameamua kwamba simu za wageni nizipokee mimi kwa sababu nimesoma. Simu ikilia, viganja vinalowa. Na tembo wameanza tena kuteremka kutoka msituni kula mahindi ya watu karibu na ninapopanga, kwa hiyo natoka ofisini jua likiwa bado juu.

Sasa somo. Anza na swali. Kirai kikijibu "yupi?", kimeegemea nomino. Kikijibu "wapi, lini, vipi?", kimeegemea kitenzi. Waandikie ubaoni: "The man with the white cow is Koinet." Ni mtu yupi? Ni yule mwenye ng'ombe mweupe. Kirai kimemshika mtu. Kisha waandikie: "Koinet walks with the white cow." Hapa hatuulizi Koinet yupi. Tunauliza anatembeaje, pamoja na nini. Kirai kimeshika kule kutembea.

Waambie Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Tukisema "mtu wa Karatu" au "kisu cha jikoni", ile wa na ile cha zinavaa nguo ya nomino yake, na mwenyewe hapotei. Kwenye kitenzi tunasema vingine: anakata kwa kisu, analala jikoni. Kiingereza hakivalishi maneno yake hivyo. "With the white cow" ni ileile popote ilipo, na ni lazima utazame imekaa jirani na nani.

Ukiwa na shaka, jaribu kukipeleka kirai mwanzo wa sentensi. Cha kitenzi kinahama bila ugomvi: "In the morning Koinet milks the cow." Cha nomino hakitaki. Ukikihamisha, mtu wake anabaki hajulikani ni nani.

Nimemweka Koinet kwenye mifano kwa sababu watoto wote wa Oloipiri wanamjua yule ng'ombe wake mweupe. Mwambie avae koti juu ya shuka, huko juu ukungu unaingia mpaka kwenye mifupa. Na achaji simu. Nikipiga nataka nimpate.

Mdogo wako,
Sairowua


Oloipiri,
28 Agosti 2024

Sairowua,

Habari za huko kwa tembo? Sisi tunaendelea vizuri, vumbi ndilo limezidi. Somo lako nimelisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimweleza mama kwa Kimaasai, naye akasema hawa Wazungu wanapenda kujitesa.

Afisa elimu hajaja bado. Wakati namsubiri nimetengeneza sentensi zangu. Zisahihishe kwa wino mwekundu, usinionee haya:

The man with the white cow is our brother.
The man with the white cow went to the hills.
The water in the tank is dirty.

Kwenye ya pili, "to the hills" ni ya mtu au ni ya kwenda?

Ng'ombe wameshapelekwa juu. Mama alilia kidogo, unamjua. Mume wangu anakusalimu. Kuna jambo nataka kukuambia lakini si la kuandika kwenye barua, nataka nikuone uso ukilisikia. Utakuja lini?

Dada yako,
Namelok


Karatu,
4 Septemba 2024
(Hii sikuituma.)

Dada,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyohitaji. Mimi nilikupa mifano yenye jina, wewe umeliondoa jina kila mahali ukaweka "the man with the white cow". Kwenye habari za nyumbani pia hukulitaja. Umesema ng'ombe wamepelekwa, hukusema nani amewapeleka. Umesema mama alilia. Umesema kuna jambo lisiloandikwa.

Kwetu hatulitaji jina la aliyekufa. Babu alipofariki tulijifunza kusema yule wa upande wa kisima, na mpaka leo nikiandika jina lake kwenye fomu mkono unasita. Kwa hiyo nikuulize tu: kaka yetu yuko hai?

Nimeandika swali hilo na sasa naliogopa. Kama yuko hai, kumuulizia hivi ni uchuro. Nikikupa barua hii nitakuwa mimi ndiye niliyelitamka wa kwanza. Siitumi.


Karatu,
4 Septemba 2024

Dada Namelok,

Shikamoo. Natumaini mtoto analala na wewe unalala. Mimi niko salama.

Sentensi zako ni sahihi. "To the hills" ni ya kwenda, kwa maana inasema alikwenda wapi.

Nina ombi. Virai vya nomino umeshavielewa, lakini virai vya kitenzi hujavifanyia mazoezi ya kutosha. Kirai cha nomino kinatuonyesha ni mtu gani, basi. Hakituambii kama anakula, kama analala, kama anavuta pumzi. Tafadhali niandikie sentensi chache ambazo kaka yetu mkubwa ndiye anayetenda: analala wapi, anachunga na nani, anakamua saa ngapi. Zote ziwe za wakati uliopo. Nitazisahihisha siku ileile.

Nimejaribu namba yake. Haipatikani.

Mdogo wako,
Sairowua


Oloipiri,
16 Septemba 2024

Mwalimu Sairowua mkali,

Pokea salamu za mwanafunzi wako mvivu. Mtoto alikuwa na kikohozi, kimepita. Mama anaomba ugoro wa Karatu, anasema wa huku umechanganywa na majivu.

Somo limefanyika, na sentensi zako za mazoezi sikuziandika kwa sababu hiyo. Afisa elimu alikuja bila taarifa. Watoto walijibu vizuri mpaka nikaona haya kwa furaha. Walikipeleka kirai mwanzo, wakakirudisha, wakabishana. Halafu afisa akasimama kule nyuma akauliza, huyu "man with the white cow" ni nani jamani, mbona yuko kila mahali? Darasa zima likacheka, watoto wakanitazama mimi. Sikuweza kulitaja jina mbele yao. Nikamwambia ni mtu wa nyumbani, nikafuta ubao. Mwalimu mkuu anasema nimefaulu, ila nilionekana nimeishiwa maneno mwishoni.

Kuhusu kaka, hata ningetaka kuandika analala wapi nisingeweza. Hakuna mtu aliyefika kutoka juu tangu ng'ombe waondoke. Lile jambo langu bado nakusubiri wewe uje.

Dada yako,
Namelok


Karatu,
21 Septemba 2024

Dada,

Nakuandikia kwa kifupi. Leo sina moyo wa kuuliza habari za afya.

Nimelijua. Sikutaka kulijua lakini sasa nimelijua, na nimeacha kupiga ile namba. Leo asubuhi nimenyoa nywele. Mpe mama pole yangu, mwambie nitakuja Bwana Hilary akiniruhusu. Ng'ombe walioko Nainokanoka mjomba Lomayani awaangalie mpaka tukae kama familia.

Ugoro wa mama nimempa Shaabani.

Mdogo wenu,
Sairowua


Oloipiri,
26 Septemba 2024

Sairowua,

Nani amekuambia? Umesikia nini, na kwa nani?

Sisi huku hatujui kitu. Barua yako nilimsomea mama kwa sauti, maana kila barua yako lazima asomewe, na nilikuwa nimeshafika kwenye nywele kabla akili yangu haijafika. Nikaacha kusoma, lakini alikuwa ameshasikia kwamba umeacha kupiga ile namba, na mama si mjinga. Shaabani naye alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameshakuona kichwa, akanipa mkono wa pole akasema innalillahi. Mama amevua shanga zake zote akaziweka kwenye kibuyu. Hali chakula. Anasema wewe uko Karatu, karibu na huko juu, habari zinakufikia kabla yetu.

Nimezipanga barua zako zote mbele yangu na nimesoma upya ile ya mazoezi. Mdogo wangu, naomba nisiwe nimeelewa sawasawa. Ni kwa sababu sikuandika jina?

Alinipa ng'ombe. Hilo ndilo jambo nililotaka kukuambia ukiwa mbele yangu. Asubuhi ya kuondoka alimtoa yule mweupe kundini akanikabidhi, kwa ajili ya maziwa ya mtoto. Tangu hapo mimi na yeye tunaitana Pakiteng, kama wote waliopeana ng'ombe. Jina lake tupu nitalitajaje tena, tena kwa wino, tena ubaoni mbele ya watoto? Na Pakiteng ni kati yangu na yeye, siwezi kukuandikia wewe hivyo. Nikaona "the man with the white cow" inatosha na ina heshima. Nilidhani yeye mwenyewe alikuambia kabla hajapanda.

Kama ni hilo tu, niambie ni hilo tu. Lakini sasa nimeshaogopa na siwezi kurudi nyuma, kwa sababu ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyemwona. Mimi nilidhani wewe unajua, wewe ulidhani mimi najua. Huku juzi wamesema kuna ronjo moja ya juu simba waliingia. Hawakusema ni ipi.

Mume wangu hayupo, mimi nina mtoto na mama asiyekula. Nenda wewe. Najua unavyoogopa njia ile. Nenda hivyohivyo.

Dada yako,
Namelok


Nainokanoka,
5 Oktoba 2024

Dada Namelok,

Shikamoo. Sikuulizi mlivyo, maana nitajua kabla hujapata nafasi ya kunijibu. Soma polepole na usiruke mistari.

Ni hilo tu. Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Nilinyoa kwa sababu ya jina ambalo hukuliandika.

Barua yako niliisomea ofisini, nikasimama mbele ya Bwana Hilary nikashindwa kuzungumza. Yeye alitazama kichwa changu akadhani naomba ruhusa ya msiba. Alinipa ruhusa na kiti kwenye gari la wageni mpaka ukingo wa kreta. Ndani ya gari mama mmoja wa Kizungu aliniuliza kwa upole kama mimi ni mtawa. Nilimjibu "yes", kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kueleza. Getini nilionyesha kitambulisho, mlinzi akavua kofia.

Kutoka ukingoni nilipanda bodaboda kwenye ukungu mzito mpaka yule kijana aliposema pikipiki haiendi tena. Nilitembea peke yangu. Mbogo walikuwa wamelala kando ya njia, niliwaona baada ya kuwapita. Sitaandika zaidi kuhusu njia, mama asije akasikia.

Ronjo ya mjomba sikuiulizia, niliogopa kusikia habari kinywani mwake. Kwenye boma la kwanza nilimkuta mama mmoja anakamua ng'ombe. Nikamuuliza kama anamjua mtu aliyekuja na ng'ombe kutoka Oloipiri, yule mwenye ng'ombe mweupe. Akafikiri. Akasema kwa huruma kwamba upande huu hakuna mtu mwenye ng'ombe mweupe. Boma la pili wakasema hivyohivyo, na mzee mmoja akanitazama kichwa akaongeza kwamba labda alikuwepo zamani. Nikakaa chini kwenye majani mabichi. Nilikaa hapo muda mrefu ndipo nikakumbuka ulichoniandikia. Ng'ombe mweupe yuko kwako. Nilikuwa namtafuta mtu kwa kitu ambacho hana tena.

Ilibaki jina. Dada, tangu nilipokaa kwenye kiti cha kinyozi sikuwa nimelitamka hata moyoni. Nilirudi kwa yule mama wa kwanza. Nikalisema kama mtu anayetupa jiwe kisimani asikilize kama kuna maji.

"Koinet?" akasema. "Mbona hukusema mapema? Yuko kule bondeni, ananywesha."

Nilimwona kabla hajaniona. Amekonda, amejifunga shuka mbili. Alipogeuka akaona kichwa changu, hakuja. Alisimama palepale ng'ambo ya maji, fimbo mkononi.

"Ni mama?" akauliza.

Nikasema hapana.

"Namelok?"

Hapana.

"Mtoto?"

Nikatikisa kichwa. Alisubiri mpaka ng'ombe wawili wakamaliza kunywa.

"Basi umemnyolea nani?"

Nilinyoosha mkono tu nikamwelekezea yeye. Akageuka nyuma yake kutazama nani amesimama hapo. Hakukuwa na mtu. Aliponigeukia tena alikuwa ameelewa, na sijawahi kumwona kaka yetu na uso ule.

Baadaye alikuja akakaa karibu nami. Akaniuliza kama nyumbani nako wanajua kwamba amekufa. Nikamwambia wanajua. Akauliza, basi ng'ombe wake amechukua nani, nikamwambia nilipendekeza mjomba Lomayani. Akasema hapo angalau nilifikiri vizuri. Akacheka, mimi nikalia. Simu yake iko kwa mtu anayechaji simu kwa sola tangu alipofika, hajaifuata kwa sababu hana wa kumpigia. Simba hawakuingia kwao, ila kwa jirani waliua ndama.

Usidhani kwamba kucheka kwake kumemaliza jambo. Jana alimuuliza mjomba kama mtu aliyenyolewa nywele za msiba naye yu hai anafanywa nini, mjomba akasema hajawahi kuona. Usiku sikulala, nilisikiliza anavyopumua.

Mjomba Lomayani amesema mambo mawili. La kwanza, Koinet asirudi peke yake. Aje na aliyenyoa, mama atuone wawili kwa pamoja. Ng'ombe atabaki nao yeye. La pili, mama asimwone kabla hajalisikia jina lake. Ameshavua shanga na hajala, akimwona tu anatokea kwenye vumbi moyo wake unaweza usistahimili. Kwa hiyo barua hii inatangulia. Shaabani anatuchukua njia panda kesho, na akifika atalisimamisha gari chini kwenye korongo, aje kwako kwa miguu akupe karatasi hizi.

Msomee mama kwa sauti, kama ulivyomsomea ile nyingine. Najua umepokea ng'ombe na hupaswi kulitaja jina. Leo litaje. Mwenyewe amekuruhusu, na amesema ng'ombe hatamdai.

Mimi nitakuwa kwenye gari na naogopa kuliko nilivyoogopa mbogo. Naogopa uso wa mama. Naogopa kwamba hatanitazama kichwa. Ningeweza kukuambia yote haya kwa mdomo, lakini unanijua, ningefika mbele yenu nikasimama kama nilivyosimama mbele ya Bwana Hilary.

Mkimaliza kusoma, mshike mama mkono mtoke nje. Msikimbie, magoti yake. Koinet anapanda kutoka korongoni kuja kwenu, na mimi niko nyuma yake.

Mdogo wako,
Sairowua